Maji Yaliyopigwa Pasi

Kila zamu ilipokwisha, watu wa Kituo cha Subira walikaa mezani wakapiga pasi. Hazikuwa nguo. Nguo zao walizivaa na makunyanzi yake, maana kule barafuni hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Walichokipiga pasi ni mstari mweupe uliopita kwenye skrini ya mezani, mstari wa msukosuko wa maji yaliyokuwa mita mia tatu chini ya miguu yao, upande wa pili wa barafu. Kwa kawaida mstari huo ulikuwa mtulivu, ukipanda kidogo na kushuka kidogo kama kifua cha mtu aliyelala. Lakini mara tano au sita kwa siku uliruka ghafla ukawa mwiba, kisha ukarudi chini kana kwamba hakuna lililotokea. Miiba hiyo ndiyo waliyoilaza.

"Wa saa tano na robo," alisema Ekiru, akiugusa kwa kidole. "Sekunde themanini."

"Chini ya tisini," alijibu Bwana Ngoda bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa. "Piga."

Ekiru akapitisha kidole. Mwiba ukalala.

Sheria ilikuwa nyepesi. Mwiba wowote uliowazidi jirani zake mara tano na usiodumu sekunde tisini haukuhesabiwa kuwa maji. Ulihesabiwa kuwa chembe ya barafu iliyogonga unyoya, kile kipimo chao chenye ncha ndogo kama punje ya mtama, au sili aliyepita akajikuna kwenye waya. Sheria hiyo ilitungwa na Mwanaidi Shehoza, mhandisi wa maji, mzaliwa wa Kichangani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Siku hiyo alikuwa amekaa upande wa tatu wa meza, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Huu wa saa nane usiupige," alisema.

Ekiru akasimamisha kidole. "Sekunde sabini na mbili, dada. Hata ule wa saa tano ulikuwa mrefu kuliko huu."

"Tazama chumvi, imeshuka. Sasa tazama na uangavu wa maji." Akaisogeza skrini. "Maji haya yana tope."

Bwana Ngoda aliinua macho. Ndiye mkuu wa kituo, mtu wa Handeni, mwembamba, mwenye miaka sitini na saba na tabia ya kufuta miwani kila alipotaka muda wa kufikiri. Aliifuta.

"Sili huchafua maji," alisema.

"Mwalimu, sakafu ya bahari hapa iko mita mia saba. Sili gani huyu anayezama mpaka chini, anajipaka tope, kisha analipandisha mpaka kwenye unyoya wetu mara sita kila siku ya Mungu?"

"Labda ni wa kwetu Turkana," alisema Ekiru. "Hajawahi kuona maji mengi hivi, amepagawa."

Ekiru Lokwang alikuwa rubani wa roboti za chini ya barafu, na utani wake juu ya maji haukuwa na likizo. Siku nyingine Mwanaidi angemjibu. Siku hiyo aliiachia skrini, na Bwana Ngoda akalichukua hilo kuwa jibu.

"Piga pasi, Ekiru. Sheria ni sheria, na aliyeitunga si huyo amekaa hapo?"

Ekiru akamtazama Mwanaidi. Mwanaidi akaitazama kahawa. Kidole kikapita, mwiba ukalala pamoja na wenzake, na wote watatu wakaenda kula wali wa kopo.

*

Mwenye nyumba huita kila pembe kwa jina lake, na watu wa Subira walikuwa wameigeuza ile bahari kuwa nyumba. Barafu inayoelea waliiita Dari. Ilikuwa na urefu wa kilomita tisini, kutoka bahari iliyo wazi hadi ilipogusa nchi. Maji yaliyo chini yake, mahali ambapo jua halijaingia tangu dunia iwe na majina, waliyaita Ukumbi. Na kule mwisho, Dari inapoacha kuelea na kukalia ardhi, ndiko Kizingitini.

Dari yenyewe hata ikiyeyuka yote haiongezi bahari kitu cha kusema, kwa kuwa tayari inaelea. Kazi yake ni ya kigingi. Nyuma yake iko barafu ya nchi kavu, milima juu ya milima, inayoegemea Kizingiti na kusukuma. Ng'oa kigingi, na milima hiyo inaanza safari ya kuingia baharini. Bahari ikiipokea, haiulizi Kichangani iko nchi gani.

Adui ni maji ya chini, yale mazito ya chumvi yanayotambaa sakafuni mwa Ukumbi kutoka bahari kuu. Joto lake ni nyuzi moja tu juu ya sifuri, na mtu akitumbukia humo hamalizi shahada. Lakini kwa barafu iliyobanwa na uzito wa bahari na wa barafu nyingine juu yake, hayo ni maji ya chai. Kinachoinusuru Dari ni machozi yake yenyewe. Inapoyeyuka hutoa maji baridi yasiyo na chumvi, mepesi, yanayojitandaza chini yake kama shuka. Shuka hilo likitulia, joto halipenyi. Msukosuko ndio hulichana.

Hapo ndipo Bwana Ngoda alipoingia katika historia. Alibuni kitulizo, utepe mrefu unaoning'inia chini ya Dari, unaohisi kila kimbunga kidogo cha maji na kukisukuma upande wa pili mpaka kitulie, kama mama anavyomwekea mkono mtoto anayefurukuta usingizini. Vitulizo vilikuwa elfu arobaini. Vilifanya kazi. Kuyeyuka kwa Dari kulipungua kukawa theluthi ya kulivyokuwa, na katika miji saba ya pwani kulikuwa na mtaa unaoitwa Ngoda.

Mwanaidi naye alikuwa na historia yake, ila hiyo haikupewa mtaa. Miaka tisa nyuma, vitulizo vilipokuwa ndiyo kwanza vimefungwa, aliiona miiba ya kwanza kwenye mstari. Akaihesabu yote kuwa kweli. Akaandika kwamba Dari itapasuka ndani ya miaka miwili. Wakuu saba wakatia saini, na katika hao saba hata mmoja hakuwa ameyatazama maji. Pwani ikahamishwa kwa wiki tatu, katikati ya masika. Watu wa Kichangani walipandishwa malori hadi Kambi ya Milimani, ambako ukungu huingia ndani ya mahema kama mwenyeji. Wazee thelathini na mmoja wakafa kwa kichomi kabla mvua haijakatika. Mmoja wao alikuwa Mzee Shehoza, fundi seremala, baba yake Mwanaidi.

Dari haikupasuka. Na mwaka ule ule wa mazishi Mwanaidi akatunga sheria ya pasi. Kituo nacho kikaweka desturi mpya. Taarifa ya maji haipelekwi kwa saini peke yake. Mmoja anaisoma kwa sauti, na wa pili, ambaye lazima awe mkuu wa kituo, anavaa hedifoni, anayasikiliza maji yenyewe kwa masikio yake, kisha anamalizia kwa kusema, "Nami nimeyasikia mwenyewe." Bila maneno hayo matatu taarifa si taarifa.

Sasa Baraza la Pwani lilikuwa likisubiri taarifa ya Alhamisi. Mstari ukiwa mtulivu kwa mwaka wa tisa mfululizo, amri ya kuhama ingefutwa, na watu laki mbili wangerudi makwao. Wengine hawakungoja. Jioni ile, baada ya wali, Mwanaidi alisikiliza ujumbe wa sauti wa Mwanakheri, shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Mwanangu, nimeshatangulia. Usinigombeze. Fundi Mwinjuma kanisimamishia kuta mbili na fremu, na juzi Jumapili tumeutia mlango. Mlango wa baba yako. Kila mtu alipandisha kitanda kwenye lori, mimi nilipandisha mlango, wakanicheka, unakumbuka? Sasa wanakuja kuuangalia. Nyumba haina paa lakini ina mlango. Nikifunga, najiona nimefika."

Mwanaidi aliusikiliza mara mbili. Kisha akaenda kwenye mashine akafungua kapu.

*

Kapu ndilo jina la mahali miiba iliyopigwa pasi ilipotupwa. Mashine haifuti, huficha tu, na kwa miaka tisa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchungulia. Kesho yake mchana Ekiru alimkuta Mwanaidi hapo, macho mekundu, ameipanga miiba yote kwa mwaka, na juu ya kila mmoja ameandika chumvi yake.

"Mwaka wa kwanza, mmoja kwa mwezi," alisema Mwanaidi. "Mwaka wa nne, mmoja kwa wiki. Sasa sita kwa siku. Na wote, Ekiru, wote chumvi inashuka. Sili hawaongezeki hivyo."

Ekiru alivuta kiti. Utani wake ulikuwa umemkimbia. "Maji baridi, yasiyo na chumvi, yenye tope. Yanatoka wapi?"

"Kuna mahali pamoja tu ambapo barafu inagusa udongo."

"Kizingitini ni kilomita tisini."

"Basi huko kuna kitu kikubwa, kama harufu yake inafika hapa."

Hapo ndipo aibu ilipomshika barabara, na hakujaribu kuificha. Alimwambia Ekiru kwamba shangazi yake alikuwa na msemo, mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye alikuwa ameyaficha maradhi kwa utaratibu, kila siku, na kahawa ya tangawizi pembeni.

Kituo kilibakiwa na roboti moja ya kuogelea, Kenge, yenye ukubwa wa kitanda cha kamba. Betri yake ilitosha kilomita mia. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi.

"Akienda harudi," alisema Ekiru.

Walikwenda kwa Bwana Ngoda kuomba ruhusa, na aliwapa bila ugumu. "Nendeni mkaone," alisema. "Mkute hakuna kitu, sote tupumzike." Alisema hivyo kwa upole, na aliamini.

*

Kenge aliogelea saa kumi na tano. Sauti zake zilipokezanwa na vitulizo, kimoja kikikipa kingine, na hedifoni zikaugeuza msukosuko wa maji kuwa kitu cha kusikika. Chini ya vitulizo Ukumbi ulinong'ona tu, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Ekiru aliendesha, Mwanaidi akasikiliza. Walikula biskuti. Jua la kiangazi cha kule, lisilozama, lilizunguka dirisha baada ya dirisha.

Kitulizo cha mwisho kilipopitwa, Kenge akaanza kuvuta uzi wa mawasiliano nyuma yake. Ramani ikasema Kizingiti ni mita mia mbili mbele. Zikaisha. Mbele hapakuwa na nchi, palikuwa na maji.

"Ramani imekosea?" aliuliza Ekiru.

"Endelea."

Kilomita moja. Mbili. Barafu ilikuwa imeinuka kutoka kwenye udongo, na chini yake kulikuwa na upenyo wenye kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Taa ya Kenge ilipanda juu. Upande wa chini wa barafu, ambao kwenye Dari nzima ni laini, huku ulikuwa umechimbwa vikombe vikombe, kama ubao ulioliwa na mchwa. Sauti nayo ilibadilika. Ilianza kama manyunyu, na kufikia kilomita ya tatu ilikuwa mvua ya masika juu ya mabati, haikatiki, na ndani yake ngurumo fupi fupi. Kila ngurumo ilipopiga, maji yenye tope yalipanda kwa nguvu na kuondoka kuelekea Ukumbini. Hiyo ndiyo miiba. Kilichofika kituoni baada ya kilomita tisini kilikuwa mkia wake tu.

Mwanaidi akasoma joto la maji, akalisoma tena. Maji ya chini yalikuwa yamefika Kizingitini na moto wake wote. Zamani, kabla ya vitulizo, yalipita Ukumbini yakigombana na Dari njia nzima, na ugomvi ule uliyapoza. Dari ililiwa huku mbele, mahali pana pasipo na hatari kubwa, na Kizingiti kikapata makombo ya joto. Sasa hakuna aliyeyagusa njiani. Vitulizo elfu arobaini vilikuwa vimeyatandikia zulia, vikayafikisha mlangoni yakiwa hayajapoa hata kidogo.

Walisikia kwa dakika ishirini. Kisha msukosuko ukamgeuza Kenge kichwa chini, uzi ukakatika, na hedifoni zikawa kimya.

"Pole, Kenge," alisema Ekiru, na hakuwa akitania.

*

"Dakika ishirini," alisema Bwana Ngoda. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, na taarifa ilitakiwa saa sita. "Mwanaidi, dakika ishirini na mashine moja iliyopotea. Utawaambia watu laki mbili wasirudi kwao kwa dakika ishirini?"

"Na kapu la miaka tisa."

"Kapu ulilolitupa mwenyewe."

"Nililolitupa mwenyewe, Mwalimu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nipe msimu mmoja. Meli ituletee Kenge wanne, tupime Kizingiti chote, tuwe na la kusema. Kawia ufike. Tukipiga kelele leo na ikaja kuwa ya uongo kwa mara ya pili, siku tutakayopiga ya kweli hakuna atakayekunja hata mkeka."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Mwanaidi. Lau mzee angekuwa mjinga au mwenye choyo, mambo yangekuwa rahisi.

"Msimu mmoja watakuwa wamesharudi," alisema. "Watakuwa wamechimba visima na kuzaa. Utawatoa tena kwa malori?"

"Na ukikosea? Kambi ya Milimani umeisahau?"

"Baba yangu amezikwa kule."

Ekiru alisimama mlangoni, akatamani awe mahali pengine. Bwana Ngoda alishusha sauti. "Najua. Nilikuwa nimekaa nawe siku uliyopokea habari. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wewe umeshtuka miaka tisa, na hakuna aliyekulaumu. Leo nini kimekugeuza?"

"Hiyo hofu ndiyo iliyotunga sheria, Mwalimu. Si mimi mhandisi. Niliiogopa miiba kwa sababu iliniulia baba, nikatafuta njia ya kutoiona, nikaipa jina la kazi. Na ninyi mkanifuata kwa sababu mlinihurumia." "Miaka tisa umevaa hedifoni ukasema umeyasikia maji mwenyewe. Hukuyasikia. Umesikia yaliyokwisha kupigwa pasi."

Kisha akafanya jambo ambalo Bwana Ngoda hakulitegemea. Hakuendelea kubishana. Aliziweka hedifoni mezani, mbele yake, na dakika ishirini za Kenge zikiwa tayari.

"Sikuombi ukubali. Nakuomba usikilize tu."

Mzee alizitazama hedifoni zile kwa muda mrefu, na wote watatu walielewa kwa nini hanyooshi mkono. Mtu ambaye hajasikia anaweza kutilia shaka kwa dhamiri safi mpaka siku ya kufa. Akishasikia, desturi ya kituo hicho haimruhusu kusema hajasikia. Na asipozivaa, hakuna sauti ya pili, na taarifa itakayokwenda ni ile ya mstari mtulivu.

"Nina miaka sitini na saba," alisema. "Sina mke, sina mtoto. Nina vitulizo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika hamsini. Bwana Ngoda akazivaa.

Ekiru alizima birika ili lisipige kelele. Mkono wa mzee ulikuwa juu ya meza, na mwanzoni kidole kimoja kilikuwa kikigonga gonga, kama mtu anayefuata wimbo anaoujua. Ulipofika wakati wa kilomita ya tatu kidole kilisimama. Hakusogea tena. Dakika ishirini zilipokwisha alizivua, akaukunja waya wake polepole, mkunjo juu ya mkunjo.

"Kama mvua kwenye mabati," alisema.

"Ndivyo."

"Sikujua humu ndani mna sauti hiyo." Alitafuta miwani, na ilikuwa usoni kwake. "Vitulizo vizimwe ama visizimwe, hilo tutalikeshea mwaka mzima na wenye akili kuliko mimi. La leo ni watu. Soma."

Mwanaidi akasimama kusoma. Hakuwa amefika hata kwenye tarehe, mzee akamkatiza.

"Nami nimeyasikia mwenyewe."

*

Taarifa iliondoka saa sita kasoro. Baraza lingeitangaza jioni, na Mwanaidi hakutaka shangazi yake aisikie redioni pamoja na watu wengine. Alipiga simu. Iliita mara nyingi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Umenipigia saa nzuri, niko Kichangani. Ngoja." Kikasikika kishindo cha mti mzito, mara tatu. "Umesikia mvule huo? Miaka tisa chini ya turubai, hata ufa haukufanya. Jana Mwinjuma kaupaka mafuta."

"Shangazi, msirudi."

Upepo ulipuliza kwenye simu. Kwa mbali palikuwa na watu wakigonga mabati, wakiitana.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Mara ile pia ulisema wewe."

"Mimi pia."

"Tukatoka," alisema Mwanakheri. "Ndugu yangu kapanda lori anakohoa, kashuka hanitambui. Na bahari haikuja, Mwanaidi. Kila Idi nilikuwa nashuka kuja kuitazama. Haikuja."

"Najua, shangazi."

"Safari hii inakuja lini?"

"Sijui. Labda miaka kumi, labda thelathini. Sitakutajia mwaka tena. Ila inakuja, na kwa sasa hatuwarudishi watu makwao."

"Umeambiwa ama umesikia?"

"Nimesikia mwenyewe. Na kuna jingine." Alishika ukingo wa meza. "Nilichokisikia mara ile ndicho hiki hiki. Kilikuwepo, kidogo. Nilikosea siku yake. Kisha nikakifuta kwa miaka tisa, mpaka kikakua."

Sauti ya Mwanakheri sasa ilikuwa ya mtoto anayeuliza kitu ambacho jibu lake anataka liwe moja tu. "Kwa hiyo kaka yangu hakufa bure?"

Jibu lilikuwa ulimini mwa Mwanaidi, jepesi, la huruma, na mwanamke wa miaka sabini na moja angelala nalo. Hapana, shangazi, hakufa bure. Lilikuwa limeshapigwa pasi tayari.

"Sijui," alisema. "Angeweza kukaa miaka tisa zaidi nyumbani kwake. Alikufa kwa sababu niliwatoa kwa haraka. Nisamehe, shangazi."

Alilia, na hakuiziba simu kwa mkono. Upande wa pili hakukuwa na neno la msamaha wala la laana. Kulikuwa na pumzi tu, na wale watu wa mbali wenye mabati yao. Kisha Mwanakheri akaita, si yeye, mtu mwingine.

"Mwinjuma! We Mwinjuma! Hebu niletee ile nyundo ya kung'olea misumari."

"Ya nini tena, bibi?"

"Lete, baba. Mlango huu nilikuja nao, siuachi hapa."

Simu iliwekwa chini, mahali fulani kwenye mchanga, bila kuzimwa. Mlango ulikuwa na bawaba tatu, na kila bawaba ilikuwa na misumari minne. Mwanaidi alijua, kwa sababu utotoni ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake kopo la misumari. Ekiru alikuja akamwekea kahawa, akatoka. Msumari wa kwanza ulilia kwenye mvule, ukatoka. Wa pili ulikawia. Mwanaidi alikaa pale na simu sikioni, akaisikiliza yote kumi na miwili.